Dakika Mbili

Mimi ni mhudumu wa behewa la saba.
Miaka kumi na tisa nachemsha maji, nahesabu mashuka,
nafunga choo kabla ya kila kituo,
nalaumiwa kwa kila kilichochelewa, hata theluji.

Venyamin Gordeyich alipandia Perm, kitanda cha chini,
na sanduku moja na saa mbili:
ya mkono wa kulia ilisema saa za Moscow,
kwa kuwa reli ilifuata hizo,
ya kushoto saa za Perm,
kwa kuwa yeye alifuata hizo.
Fundi saa. Miaka arobaini ya kukodoa
ilimwachia jicho moja dogo kuliko la pili.
Duka ameuza. Mke amezika.
Anakwenda Vladivostok kwa bintiye, Ninel,
"kukaa kwenye kochi," aliniambia,
"mpaka nitakapoitwa."

Siku mbili alikodolea dirisha.
Misitu, misitu, ng'ombe mmoja, misitu.
Usiku aliifungua saa yangu ya kuniamshia,
iliyokwama tangu mwaka nilioolewa,
akaipuliza, akaikaza kitu kisichoonekana,
nayo ikaanza kusema.
Hakutaka hata kopeki.

Asubuhi ya tatu ziwa likatokea, Baikali,
limeganda hadi macho yanapokoma,
na harufu ya samaki wa moshi ikaingia kwenye korido
kama mgeni asiyebisha hodi.
Nilimwambia: dakika mbili, Venyamin Gordeyich.
Mbili tu.
Akatazama mkono wa kulia.
Akatazama wa kushoto.
Akashuka na ndara zake za kitambaa.

Nilihesabu vichwa. Naapa nilihesabu.
Lakini bibi wa kitanda cha tisa alikuwa anagombania blanketi,
na bendera ilikuwa imekwisha kupepea.

Ndipo nikaona: nusu gilasi ya chai mezani,
kijiko kikilia ndani yake,
na koti lake kwenye msumari,
likiyumba na behewa, likitikisa mikono:
hapana, hapana, hapana.
Siku tatu nililala mkabala na koti hilo.

Ninel alitazama nyuma yangu, mlangoni.
Nikampa sanduku. Nikampa koti. Nikampa viatu.
Aliviinamisha, akachungulia ndani,
kana kwamba babaye amejikunja humo.

Yaliyobaki nilisimuliwa.
Kwamba alikimbia, na umri wake wa miaka sitini na minane,
ndara moja ikabaki relini.
Kwamba Darima, muuza samaki, alicheka kwanza,
kisha akamgombeza kama mtoto aliyevunja sahani,
kisha akamvalisha buti za sufu za marehemu mumewe,
zikamkaa.
Treni nyingine ni kesho, walimwambia.
Lakini saa ya kituo ilikuwa imekufa,
naye hakuweza kuketi chini yake akaitazama tu,
akaomba bisibisi.
Kesho yake wakamletea ya shule.
Kesho yake tena ya kasisi, yenye ndege asiyetoka.
Kesho za pale zina miguu mifupi.
Barafu ikapasuka, yeye bado yupo,
na kila Jumapili anampigia bintiye simu,
wanagombana vizuri kuliko zamani.

Mwezi wa tano nilimkuta jukwaani,
beseni la samaki kiunoni, mikono mitupu,
alama mbili nyeupe pale saa zilipokaa.
Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumkaripia
tangu Vladivostok. Yote yakaniponyoka.
"Faina Lvovna," akasema, "chai yangu?"
"Niliimwaga."
"Ilikuwa imebaki nusu."
"Ilikuwa imepoa."
Akafikiri kidogo, akanichagulia samaki mnono,
akamfunga kwa gazeti la juzi.

Nilipotazama chini
miguu yangu yote miwili ilikuwa kwenye kokoto,
bendera mkononi,
na ndani ya behewa mtu akiita maji ya moto.